Utamaduni wa ubunifu kwenye kampuni: sanduku la maoni lina kufuli, ufunguo hajulikani anao nani

#1 Mleta Mada

Wakuu, heshima kwenu. Uzi utakuwa mrefu, wavivu wa kusoma mnisamehe mapema.

Kampuni moja niliyowahi kufanya kazi (jina nalihifadhi) ilikuwa na sanduku la maoni la mbao kwenye korido, jirani kabisa na mlango wa choo. Limepakwa rangi ya bluu, limeandikwa "Wazo lako ni mtaji wetu". Siku tunahama jengo fundi akaling'oa ukutani, kufuli likiwa bado limefungwa. Ufunguo kila aliyeulizwa akamsukumia mwenzake, mwisho likavunjwa kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na karatasi kumi na moja. Ya chini kabisa ilikuwa na tarehe ya miaka minne nyuma. Mtu wa stoo alikuwa analalamika kwamba fomu ya kupokelea mzigo inataka namba ya gari mara mbili, juu na chini, akaomba ile ya chini ifutwe ili apate nafasi ya kuandika mzigo ulioharibika.

Asubuhi ya siku hiyohiyo mimi mwenyewe nilikuwa nimejaza fomu ile. Namba ya gari mara mbili, na mzigo ulioharibika nimeubana pembeni kwa herufi za chungu.

Mwaka huo tulikuwa tumeshafanyiwa semina ya ubunifu ya siku mbili, na fulana tukapewa.

Hoja yangu ni moja. Ubunifu unaodumu hauletwi na semina, wala mashindano ya mawazo, wala chumba chenye viti vya rangirangi. Unaletwa na kile kinachompata mtu baada ya kufungua mdomo. Alijibiwa? Na nani, baada ya siku ngapi? Na yule aliyejaribu kitu kikafeli, mwaka uliofuata alikuwa wapi? Wafanyakazi wanasoma hayo kuliko wanavyosoma waraka wowote wa mkurugenzi.

Mfano ninaoupenda ni Toyota. Mwaka 1950 Eiji Toyoda alikwenda Marekani akatembelea kiwanda cha Ford cha River Rouge. Kati ya vitu alivyorudi navyo kichwani ni mpango wa kukusanya mapendekezo ya wafanyakazi. Mwaka 1951 Toyota wakaanzisha wa kwao. Kwa hiyo sanduku lenyewe ni la kuazima! Tofauti ni kwamba kwao kujibu mapendekezo kuliwekwa kwenye kazi ya msimamizi wa pale chini, anayemjua mtoa wazo kwa sura. Mawazo mengi yanayopita kwa njia hiyo ni madogo mno: kusogeza boksi la skrubu karibu na mkono, kubadili urefu wa meza. Na mengi yanafanyiwa kazi.

Na kwa kuwa tupo kwenye uzi, niseme na hili la uzi halisi. Kabla ya magari, mzee wao Sakichi Toyoda alikuwa mtu wa mashine za kufumia nguo. Umaarufu wa mashine yake ya mwaka 1924 ni kwamba uzi ukikatika inasimama yenyewe, haiendelei kufuma kitambaa kibovu. Wazo hilohilo likaja kuwa kamba kwenye viwanda vya magari: mfanyakazi akiona kasoro anavuta, msimamizi anakuja, na isipotatuliwa kwa wakati mstari mzima unasimama. Fikiria kibarua wa ngazi ya chini kupewa mamlaka ya kusimamisha kiwanda. Hapo ndipo utajua kampuni inamwamini nani.

Mnaosema "watu wetu hawabuni", someni habari ya Fremont, California. General Motors walikuwa na kiwanda pale kilichosifika kwa utoro na migogoro, wakakifunga 1982. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI, na wafanyakazi wengi walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani. Chama cha wafanyakazi kilekile. Haukupita muda magari yao yakawa miongoni mwa yenye kasoro chache kabisa ndani ya General Motors. Watu hawakubadilishwa, walibadilishiwa kinachowapata wakisema.

Karibuni tubishane.

#2 Mpita Njia

Nondo. Naweka kambi hapa.

#3 Mtu wa Mahesabu

Mleta mada, umeandika vizuri ila umetusahau tunaosaini malipo. Kila mwezi anakuja mtu na wazo "litakaloibadilisha kampuni". Muulize litagharimu kiasi gani, hajui. Litaingiza nini, hajui. Ukimwambia hapana unaitwa adui wa maendeleo. Sasa hilo sanduku likifunguliwa kila wiki na kutoka mawazo mia, nani anayalipia? Tuongee hela.

#4 Mleta Mada

Mkuu, swali lako ni la haki kabisa na nilitegemea lije.

Kwanza tutenganishe mawazo. Mengi gharama yake ni selotepu. Nisemapo selotepu simaanishi mfano, namaanisha selotepu. Kampuni niliyohamia baadaye tulikuwa na ghala lenye bidhaa mbili zinazofanana boksi, rangi, uzito, kila kitu. Namba zake zilitofautiana tarakimu moja tu, ya mwisho. Kila wiki wateja wawili watatu wanapokea kitu ambacho hawakuagiza. Ofisini tuliandika barua za onyo, tukaongeza mtu wa kukagua, makosa yakapungua kidogo yakarudi palepale. Siku moja msimamizi anapita anakuta ukingo wa rafu moja umebandikwa selotepu nyekundu, ndefu, imepinda. Binti mmoja wa kufungasha alikuwa ameibandika bila kumwomba mtu ruhusa.

Kwenye ile kampuni yangu ya kwanza angeulizwa nani kamruhusu kuchafua rafu. Huyu msimamizi akauliza, "Hii ya nini?" Binti akaeleza: yeye ni mfupi, namba ipo juu ya boksi, hivyo akawa anahesabu rafu kwa macho badala ya kusoma. Wiki iliyofuata bidhaa moja ikahamishiwa upande wa pili wa ghala na namba zikashushwa usawa wa macho. Makosa ya ile jozi yakaisha. Sasa mtu wa mahesabu, hapo fungu gani liliombwa?

Pili, mawazo makubwa. Hapo nakubaliana na wewe kwamba hela isitoke kwa maneno matamu. Ila kosa ninaloliona ni kumtaka mtu alete mchanganuo wa miaka mitano wa kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya. Atakutungia. Atajaza jedwali lako namba za kupendeza na wewe utasaini uongo uliopangwa vizuri. Mpe kidogo, wiki chache, na swali moja la kujibu: je, kuna mteja hata mmoja atakayekitumia kikiwa katika hali mbaya hivi? Akirudi na jibu, ndipo mwongeze au mfunge.

Na uvumilivu una malipo yake, ila hayana haraka. Karatasi za kubandika za kampuni ya 3M, zile za njano. Mwaka 1968 Spencer Silver alikuwa anatafuta gundi kali, akapata gundi dhaifu inayobanduka. Kwa miaka akawa anazunguka ndani ya kampuni akiwaeleza wenzake kuhusu gundi isiyo na kazi. Mwaka 1974 mwenzake, Art Fry, aliyekuwa anaimba kwaya, akachoshwa na vipande vya karatasi kudondoka kwenye kitabu chake cha nyimbo, akaikumbuka gundi ile. Bidhaa ikaingia soko la Marekani nzima mwaka 1980. Hesabu mwenyewe: miaka 12. Kilichombeba Silver ni kwamba hakuna aliyemfukuza kwa maneno yake, na kampuni ilikuwa na desturi ya kuwaachia watafiti kama asilimia 15 ya muda wao kwa mambo wanayoyaamini wenyewe.

#5 Mzee wa Stoo

Vijana, mimi nimestaafu, acheni niwaambie jinsi zawadi ilivyotuharibia.

Walitangaza zawadi nono ya wazo bora la mwaka. Tulikuwa watatu zamu ya usiku, tukabuni namna ya kupanga mzigo unaotoka kwanza usizibwe na unaotoka mwisho. Wazo la watu watatu, tumelijadili wiki nzima tukiwa tumekaa juu ya magunia. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja tu. Aliyekuwa na mwandiko mzuri ndiye aliyeandika, picha yake ikabandikwa ubaoni, zawadi akachukua. Hakuwa mwizi, fomu ndiyo iliyokuwa mwizi. Lakini sisi wawili mpaka naondoka pale hatukusema tena kitu. Na wale ambao hawakushinda kabisa nao wakawa wanayaficha mawazo yao wakisubiri mwaka ujao. Kitu cha kurekebisha leo kinasubiri miezi kumi kwa sababu ya zawadi!

#6 Mleta Mada

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ya "fomu ndiyo iliyokuwa mwizi" naiazima. Nilivyosoma, Toyota zawadi zao kwa wazo la kawaida ni ndogo sana, za kusema asante tu. Sikuwa nimefikiria kwamba udogo wenyewe ni kinga.

#7 Meneja wa Kati

Naona wote mnatupiga mawe sisi wa katikati. Niwaambie ukweli wa upande huu. Mimi napimwa kwa idadi ya maagizo yaliyotoka kwa siku. Hicho tu. Nikimwachia mtu nusu siku ajaribu jambo lake, idadi inashuka, Ijumaa naulizwa mimi, yeye haulizwi. Likifanikiwa, sifa zinakwenda idara nyingine au kwa mkurugenzi. Likifeli ni la kwangu. Nyie mngefanyaje? Siyo kwamba hatupendi mapya, tunapenda mshahara.

#8 Mleta Mada

Ndugu, hapo umegonga penyewe, na sina jibu la kukulaumu. Mtu hufuata kipimo anachopimwa nacho. Mkurugenzi anayehubiri ubunifu huku anakupima kwa idadi ya maagizo ya siku peke yake anajidanganya.

Nokia, waliokuwa vinara wa simu za mkononi, walianguka vipi? Mwaka 2015 watafiti wawili, Quy Huy na Timo Vuori, walichapisha utafiti baada ya kuhoji watu 76 wa ndani na karibu na kampuni hiyo. Walichokuta ni hofu. Mameneja wa kati waliwaogopa wakubwa wao, kwa hiyo habari zilizopanda juu zilikuwa tamu kuliko hali ya programu yenyewe. Wakubwa nao wakapanga mambo kwa habari hizo tamu. Wahandisi walikuwepo, hela ilikuwepo. Mwaka 2014 biashara ya simu ikaishia mikononi mwa Microsoft.

Na usidhani kampuni ikishakuwa nao utamaduni basi umekaa. Hao 3M niliowasifia hapo juu, kati ya 2001 na 2005 walikuwa na mkurugenzi aliyetoka General Electric, James McNerney, akaleta Six Sigma (mfumo wa kupima kila hatua ya kazi kwa takwimu ili kupunguza kasoro) kila kona, hadi maabara. Kwa kiwandani inasaidia, maana pale unataka kila kipande kifanane na mwenzake. Kwa mtafiti ni balaa: anatakiwa aandike ripoti ya hatua za kitu ambacho bado hajui ni kitu gani. Aliyefuata, George Buckley, akalegeza masharti hayo kwa watafiti. Kwa hiyo hata kampuni iliyokuwa na miaka karibu mia ya desturi ilitikiswa na kipimo kimoja kilichopelekwa mahali siyo pake.

Neno la pembeni: kuna kampuni zinazoiga "asilimia 20 ya muda" ya Google (mfanyakazi kuachiwa kama siku moja ya wiki kwa mradi wake) bila kupunguza kazi nyingine hata moja. Hiyo siyo asilimia 20. Hiyo ni Jumamosi.

#9 Mpita Njia

"Hiyo ni Jumamosi" 😂😂 nimeituma kwenye grupu la kazini, bosi yupo humo, niombeeni.

#10 Mbishi wa Kudumu

Mimi siamini. Kodak, wale wa filamu za picha, waligundua wenyewe kamera ya kidijitali na bado wakafilisika. Waliruhusu mtu abuni, wakampa muda na vifaa, ikasaidia nini? Soko likiamua kukuua linakuua. Huo utamaduni wenu ni hadithi wanazojitungia walionusurika.

#11 Dada wa Maabara

Kaka Mbishi, leo umesema kitu chenye maana nusu, ngoja nimalizie nusu nyingine.

Ni kweli. Steve Sasson, mhandisi wa Kodak, alitengeneza ile kamera mwaka 1975. Ilikuwa na uzito wa kama kilo 3.6, ikichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja nyeusi na nyeupe kwenye kaseti. Ila ile hadithi kwamba waliificha kabatini wakalala siyo kamili. Baadaye walitia fedha nyingi kwenye dijitali, na mwaka 2005 walikuwa wa kwanza kwa mauzo ya kamera za kidijitali Marekani. Kilichowashinda ni kwamba faida yote ilikuwa kwenye filamu na kusafisha picha, na kamera za kidijitali hazikuwa na faida ya namna hiyo. Januari 2012 wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai.

Sasa mtazame Fujifilm, mpinzani wao, soko lilelile, kifo kilekile kinawajia. Chini ya Shigetaka Komori walikaa wakajiuliza: ukiondoa filamu, sisi tunajua kufanya nini? Wakakuta filamu ndani yake kuna jelatini, ambayo hutokana na kolajeni (protini inayoshikilia ngozi), na kuna ujuzi wa kuzuia rangi zisififie kwa hewa na mwanga. Ngozi ya mtu nayo ina kolajeni na nayo inaharibiwa na vitu hivyohivyo. Mwaka 2007 wakatoa vipodozi vya Astalift. Wakaingia pia kwenye dawa na utando wa vioo vya televisheni. Kwa hiyo soko halikuua wote, kaka.

Nami naongeza mfano wa Xerox, wale wa mashine za fotokopi, maana huwa unasimuliwa kana kwamba hawakuambulia kitu kwenye maabara yao ya Palo Alto. Kompyuta ya Alto ya 1973 kweli iliwaponyoka. Lakini printa ya leza iliwapa mabilioni. Gary Starkweather alikuwa na wazo la leza kwenye kituo kingine cha kampuni hiyohiyo, bosi wake hakulitaka. Mwaka 1971 akahamia Palo Alto, na mwaka 1977 Xerox wakaingiza sokoni printa ya leza ya 9700. Hakubadilisha mwajiri, alibadilisha bosi. Nikisikia kampuni inajisifu kwa ubunifu huwa nauliza: mtu akikataliwa na bosi wake hapa, ana mlango wa pili wa kubisha?

La mwisho ni la fani yangu. Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza timu za wauguzi akitegemea timu nzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume, timu nzuri zilikuwa na makosa *mengi* kwenye rekodi. Kumbe zilikuwa zinayasema. Wengine walikuwa wanayafukia. Kwa hiyo bosi ukiona idara haina kosa hata moja lililoripotiwa, usiipe cheti. Nenda ukakae nao.

#12 Mbishi wa Kudumu

Ya Fujifilm sikuijua. Bado nabisha, ila kwa sauti ndogo.

#13 Meneja wa Kati

Sawa. Tuseme nimeshawishika. Sina bajeti, sina mamlaka ya kubadilisha vipimo vya kampuni, nina watu kumi na wanne. Jumatatu asubuhi naanza na nini?

#14 Mleta Mada

Daftari. Siyo programu, siyo kamati. Daftari moja linalokaa mahali ambapo kila mtu analifikia bila kupita mezani kwako. Andika wazo, majina (kwa wingi, Mzee wa Stoo asije akatulaani), tarehe, na jibu. Jiwekee siku saba za kujibu, na ukishindwa andika hivyohivyo kwamba umeshindwa na kwa nini. "Hapana" inaruhusiwa, tena zitakuwa nyingi. Ila iwe hapana yenye sababu, kwa kalamu yako, mbele ya macho ya wote. Mtu haumii sana kukataliwa, anaumia kupuuzwa.

Wazo la kwanza utakalolifanyia kazi liwe kero ndogo ya zamani, ile ambayo kila mtu ameshaizoea. Na mwenye wazo aachwe alijaribu mwenyewe, usimnyang'anye ukaipe "timu ya wataalamu".

Halafu jaribio la kwanza likifeli, na litafeli, wote watakuwa wanakutazama usoni. Siku hiyo ina uzito kuliko daftari lote. Mlioelewana mapema kwamba tunajaribu wiki mbili na kiwango hiki kisipofikiwa tunaacha, mnaacha bila msiba. Ambao hawakukubaliana mapema hawaachi kamwe, wanaburuta maiti mwaka mzima kwa kuoneana aibu.

Kuhusu kipimo chako cha idadi ya maagizo ya siku: mpelekee mkubwa wako ukurasa wa miezi mitatu, mambo mliyorekebisha na maagizo yaliyookolewa. Usiombe falsafa, omba saa mbili kwa wiki zisizohesabiwa. Akikataa, angalau kataa lake nalo litakuwa limeandikwa mahali.

Ya kudumu ni ngumu zaidi na sitakudanganya. Daftari nyingi hufa siku meneja aliyeanzisha anapohamishwa. Nilichoona kikisaidia ni kwenye kupandisha vyeo: ukimpandisha msimamizi ambaye watu wake hawajawahi kuandika chochote, umeshawaambia wengine wote njia ya kupita.

#15 Mtu wa Mahesabu

Saa mbili kwa wiki kwa watu kumi na wanne ni saa 28. Nimeshazipigia hesabu. Ni ghali kuliko mnavyodhani na ni rahisi kuliko makosa ya ile jozi ya maboksi. Ila niwekeeni safu moja kwenye hilo daftari: "tulidhani itatugharimu kiasi gani, ikatugharimu kiasi gani". Msiponiwekea, mwakani mtaniita adui tena.

#16 Mleta Mada

Imekubalika. Hiyo safu sikuwa nayo.

#17 Meneja wa Kati

Wakuu, mrejesho. Kabla ya kununua daftari nilikwenda kuangalia sanduku la kwetu, maana na sisi tunalo. Ufunguo alikuwa nao dada wa mapokezi, kwenye droo, anasema hajawahi kuulizwa. Ndani mna risiti mbili, kalamu, na karatasi tatu.

Moja ni mwandiko wangu. Niliiandika kabla sijapandishwa cheo.